Makumbusho na Kazi ya Kupatanisha: Kutoka Lari hadi Songea

Usiku wa Machi 26, 1953, vikundi vya wapiganaji wa Mau Mau, waliopigana na utawala wa Waingereza nchini Kenya, viliingia Lari, katika nyanda za juu za Kiambu, vikayazingira maboma ya machifu, ya watumishi wa serikali na ya askari wa kijiji walioitwa homugadi, vikaifunga milango kwa nje na kuzitia nyumba moto. Miongoni mwa waliouawa alikuwamo Luka wa Kahangara, chifu wa zamani aliyekuwa mtu mashuhuri kuliko wote eneo hilo. Hesabu rasmi ilitaja watu wapatao 74, wengi wao wanawake na watoto, kwa sababu wanaume wa ulinzi walikuwa doria mbali na nyumbani. Kabla hakujapambazuka, na kwa siku kadhaa zilizofuata, homugadi, polisi na wanajeshi walilipiza kisasi kwa kumuua karibu kila waliyemshuku. Hawa wa pili hakuna aliyewahesabu kwa uangalifu. Makadirio ya wanahistoria yanazungumzia mamia.

Kisa chenyewe kilianza na ardhi. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliamua kwamba Wakikuyu wa Tigoni, karibu na Limuru, ambao ardhi yao ilikuwa imezungukwa na mashamba ya walowezi, wahamishwe na kupewa ardhi ya Lari badala yake. Luka alikubali, akapata eneo kubwa, na waliomfuata wakapata sehemu zao. Wengine walikataa, wakaondolewa kwa nguvu, na baadhi yao wakabaki hawana pa kulima huku wakiwatazama wenzao wakivuna. Zaidi ya miaka kumi baadaye, Mau Mau ilipofika huko, ilikuta kinyongo kimekwisha kuiva. Waliouawa na waliowaua walifahamiana kwa majina, na wengine walikuwa na undugu wa damu au wa ndoa.

Jambo linaloifanya Lari kuwa ngumu kusimuliwa hadi leo ni jinsi serikali ya wakati ule ilivyoishughulikia. Picha za maiti za usiku wa kwanza zilisambazwa ndani na nje ya Kenya ili kuuonyesha ulimwengu ukatili wa Mau Mau. Mahakama zikaketi, na watu 71 wakanyongwa. Mauaji ya kulipiza kisasi hayakupigiwa picha za namna hiyo wala hayakufunguliwa kesi za namna hiyo. Kwa hiyo kijiji kimoja kilibaki na misiba miwili, mmoja wenye majalada, picha na hukumu, na mwingine uliobaki vichwani mwa wajane na yatima peke yao. Mtu yeyote anayetaka kuihifadhi historia hiyo huanza na mzani uliokwisha kuinama, maana nyaraka alizonazo ni za upande mmoja.

Uhuru haukuuweka sawa mzani huo. Jomo Kenyatta aliwataka Wakenya wasamehe na kusahau, na kauli ya kwamba sote tulipigania uhuru ikawa namna ya heshima ya kufunga mjadala. Lakini wakati wa hali ya hatari, iliyotangazwa na serikali ya kikoloni mwaka 1952, hasa baada ya mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, ardhi ya Wakikuyu ilikuwa imeunganishwa na kutolewa hati, na walionufaika zaidi walikuwa wale waliokuwa huru kuhudhuria vikao vya kugawa mipaka, yaani wafuasi wa serikali, ilhali wenzao walikuwa kizuizini. Aliyetoka kambini alikuta shamba lina mwenyewe, na mwenyewe ana karatasi. Marufuku dhidi ya Mau Mau nayo haikuondolewa rasmi hadi mwaka 2003, miaka 40 baada ya uhuru, kwa hiyo hata kuketi na kusimulia wazi ulikuwa msituni kulikuwa na hatari yake.

Katika mazingira hayo ndipo yalipoanzishwa Makumbusho ya Kumbukumbu na Amani ya Lari, huko Kimende, mwaka 2001. Anayetarajia jengo la fahari na kabati za vioo atavunjika moyo. Ni makumbusho madogo ya kijamii, yaliyoanzishwa na wenyeji na kusimamiwa na wenyeji. Umuhimu wake uko katika watu waliokubali kuketi humo. Wazee waliokuwa Mau Mau na wazee waliokuwa homugadi, pamoja na watoto wao, walikutana katika shughuli zake, jambo ambalo kwa miaka 40 na zaidi lilikuwa likiepukwa kanisani, sokoni na hata mazishini.

Msomaji ana haki ya kuuliza kwa nini kazi hiyo ifanywe na makumbusho, ilhali nchi ina mahakama, makanisa na mabaraza ya machifu. Mahakama huuliza nani ana hatia, na mara tu swali hilo linapoulizwa kila mtu hujitetea. Isitoshe, mahakama za kikoloni zilikwisha kuinyonga nusu ya hadithi. Baraza la chifu ni la serikali, na huko Lari chifu alikuwa upande mmoja wa ugomvi. Makanisa nayo yalibeba mzigo wake, kwa kuwa waumini wengi walikataa kula kiapo cha Mau Mau na wakahesabiwa kuwa watu wa serikali. Makumbusho huingia na dai dogo zaidi, kwamba yanahifadhi tu yaliyokuwako. Anayeingia hatakiwi kukiri, kusamehe wala kuomba msamaha; anatakiwa aeleze kitu hiki ni nini na kilitumikaje. Udogo wa dai hilo, kwa maoni yangu, ndio unaoufungua mlango.

Chukua mfano wa kipande. Tangu miaka ya kwanza baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwanamume Mwafrika wa Kenya aliyetimiza miaka 16 alilazimika kuwa na karatasi ya utambulisho yenye alama za vidole, pamoja na kumbukumbu za mwajiri wake, na wengi waliitundika shingoni ndani ya kijikopo cha chuma. Ukiweka kijikopo kama hicho mezani mbele ya wazee wawili, mmoja aliyekuwa msituni na mmoja aliyekuwa na bunduki ya serikali, wote wawili watakuwa na la kusema, maana wote wawili walikivaa. Mmoja atakumbuka uzito wake, mwingine atakumbuka polisi aliyemsimamisha njiani. Dakika chache baadaye mazungumzo yatakuwa yamefika mwaka 1952 bila mtu kuitwa msaliti au muuaji. Hayo hayamalizi ugomvi, lakini yanawapa wagomvi mahali pa kuanzia ambapo hakuna kati yao aliyeshindwa tayari.

Mbinu hiyo haikuzaliwa Lari. Ilitokana na mpango mpana zaidi wa makumbusho ya amani ya kijamii ulioanza katikati ya miaka ya 1990 chini ya Sultan Somjee, mtaalamu wa mila na sanaa za jamii aliyekuwa mkuu wa idara ya ethnografia katika Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Wakati ulikuwa mbaya. Kuanzia mwaka 1991, kuelekea uchaguzi wa Desemba 1992, wa kwanza tangu vyama vingi viruhusiwe tena, mapigano ya kikabila yalikuwa yamelipuka Bonde la Ufa na kuwafukuza maelfu ya watu makwao. Somjee aliwatuma vijana waende kwa wazee wa jamii zao wenyewe, wawaulize ni vitu gani vilivyotumiwa zamani kuzuia mapigano au kuyamaliza, wavikusanye pamoja na maelezo yake, kisha wavirudishe kijijini vikiwa katika chumba ambacho jamii yenyewe ina ufunguo wake. Shirika la hisani la Wamenonaiti lilisaidia kwa fedha. Kutokana na kazi hiyo yakazaliwa makumbusho madogo katika jamii mbalimbali, miongoni mwa Waembu, Wakikuyu, Wapokot, Wasuba wa kisiwa cha Mfangano, na wengineo.

Kati ya vitu vilivyokusanywa, kimoja kinaeleza vizuri zaidi kuliko nadharia yoyote. Miongoni mwa Wapokot na jamii nyingine za Kikalenjin kuna mkanda wa ngozi uliopambwa kwa kauri au shanga, unaoitwa leketyo, ambao mwanamke huuvaa kiunoni akiwa na mimba ili kumlinda mtoto. Wanaume wakipigana, mama akiuvua mkanda wake na kuulaza chini kati yao, anayeuruka anajitakia laana, kwa kuwa ni kama ameliruka tumbo lililomzaa. Kwa mtalii, leketyo ni pambo. Kwa kijana wa Kipokot aliyekuzwa wakati ambapo wizi wa mifugo hufanywa kwa bunduki za kisasa, kuusikia mkanda huo ukielezwa na bibi yake mwenyewe ni kukumbushwa kwamba vita vilikuwa na mipaka, na kwamba mipaka hiyo ilishikiliwa na wanawake. Wamaasai wana majani mabichi, ambayo mtu akiyang'oa na kuyashika mkononi anaomba amani na hastahili kupigwa. Na jamii nyingi za Kenya zina miti ya amani, ambayo chini yake watu walipatana na ambayo matawi yake hayakukatwa ovyo. Jamii mbili zinazohasimiana zikionyeshana vitu hivi hugundua, wakati mwingine kwa mshangao, kwamba adui ana kitu chake kinachofanya kazi ileile.

Hapa lazima tusimame kidogo, kwa sababu wazo hili lina udhaifu ambao mashabiki wake hawapendi kuutaja. Anayekusanya vitu vya amani tu atapata picha ya jamii za zamani zilizokaa kwa utulivu hadi mkoloni alipofika, na picha hiyo si ya kweli. Watu walivamiana, walitekana na walinyang'anyana ng'ombe. Udhaifu wa pili ni kwamba makumbusho ya Wakikuyu yakiwa ya Wakikuyu na ya Wapokot yakiwa ya Wapokot, kila moja linaweza kuishia kuwa ngome ya kabila lake, hasa katika nchi ambayo siasa zake hupigwa kwa hesabu za kikabila. Ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zilizoua watu zaidi ya 1,100 na kuwaacha mamia ya maelfu bila makazi, zilitokea makumbusho haya yakiwa yameshakuwapo kwa miaka. Sioni kwamba hilo linayahukumu kuwa bure, maana hakuna chumba kimoja cha kijijini kinachoweza kuwazuia wanasiasa waliodhamiria. Linaonyesha kazi hiyo inaishia wapi. Ndiyo maana baada ya ghasia hizo umoja wa makumbusho hayo ulianza kupeleka maonyesho ya kuhamahama kutoka jamii moja hadi nyingine, ili leketyo uonekane pia na wasioujua.

Swali la haki linabaki. Lari inaweza kuwakutanisha watoto wa Luka na watoto wa waliomuua, wakanywa chai pamoja, na bado hati ya shamba ikawa ileile. Mfano ninaouona kuwa na msaada zaidi hapa uko Cape Town. Februari 11, 1966, serikali ya ubaguzi ya Afrika Kusini ilitangaza mtaa wa District Six kuwa eneo la Wazungu, na katika miaka iliyofuata watu zaidi ya 60,000 waliondolewa na nyumba zao zikabomolewa. Makumbusho ya District Six yalifunguliwa Desemba 1994 katika kanisa la zamani la Wamethodisti, na sakafuni mwake ikawekwa ramani kubwa ya mtaa uliokufa. Waliofukuzwa wakaalikwa waandike kwa mikono yao, juu ya ramani hiyo, nyumba yao ilikuwa wapi na nani alikaa hapo. Kando yake kulikuwa na kitambaa kirefu ambacho watu waliandika majina na maneno kwa kalamu, kisha maandishi hayo yakatariziwa kwa uzi yasifutike. Vibao vya majina ya mitaa, ambavyo mmoja wa wasimamizi wa ubomoaji alikuwa amevificha nyumbani kwake badala ya kuvitupa, vilirudi na kutundikwa.

Uzuri wa ramani ile ni kwamba ilifanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Iliwapa watu nafasi ya kuomboleza, lakini pia iliwakusanya kama wadai wakati sheria ya mwaka 1994 ya kurudisha haki za ardhi ilipowaruhusu waliofukuzwa kuwasilisha madai. Mwaka 2004 wazee wa kwanza walikabidhiwa funguo za nyumba mpya palepale. Utekelezaji baada ya hapo umekwenda kwa mwendo wa kobe, na lawama kwa serikali ni nyingi na za haki. Hata hivyo inaonekana wazi kwamba kumbukumbu zilipounganishwa na njia ya kisheria zilipata nguvu ambayo kumbukumbu peke yake haina. Na hata hapo kulikuwa na kilichosahauliwa: Waafrika wengi wa District Six waliondolewa mwaka 1901, kwa kisingizio cha tauni, zaidi ya nusu karne kabla ya tangazo la 1966, na hadithi tamu ya mtaa wa mchanganyiko wa watu wa rangi na asili mbalimbali ilihitaji kusahihishwa ili iwaingize na hao.

Kwa upande wa Tanzania, mahali pa kulipima jambo hili ni Songea. Februari 27, 1906, Wajerumani waliwanyonga viongozi na wapiganaji wa Kingoni waliopigana katika Vita vya Majimaji (1905–1907) vya kuupinga utawala wao, na kumbukumbu ya Songea inawataja mashujaa 67, akiwamo Songea Mbano, nduna (yaani kiongozi wa vita wa Kingoni) ambaye mji umepewa jina lake. Kaburi la pamoja liko katika eneo la Makumbusho ya Majimaji huko Mahenge mjini Songea, na kila Februari watu hukusanyika kwa ngoma, ibada na hotuba. Kwa muda mrefu makumbusho hayo yalisimulia hadithi ya taifa: makabila mengi, adui mmoja, ushujaa mmoja. Ilikuwa hadithi iliyohitajika wakati wa kujenga nchi.

Lakini haisemi yote. Kabla ya Wajerumani, Wangoni wenyewe walikuwa watawala waliowavamia majirani zao na kuwatawala, na si jamii zote za kusini zilizoingia vitani kwa moyo mmoja. Sehemu kubwa ya walioshika bunduki za Wajerumani walikuwa askari Waafrika. Waliokufa wengi zaidi, katika makadirio yanayoanzia 75,000 na kufika 300,000, hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa kwa makusudi, na wengi wao walikuwa wanawake na watoto ambao hawana sanamu. Makumbusho yanayotaka kuwa mahali pa mazungumzo hayawezi kuishia kwa viongozi walionyongwa. Itabidi pia yampe nafasi mjukuu wa askari, na mwanamke aliyezika wanawe mwaka 1907.

Mazungumzo ya Songea yana upande wa pili, ulio Ujerumani. Novemba 1, 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier alifika kwenye makumbusho hayo, akakutana na ukoo wa Songea Mbano na akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani. Ukoo huo umeendelea kudai fuvu la nduna, ambalo linaaminika kuchukuliwa na kupelekwa Ujerumani kama yalivyochukuliwa mabaki ya watu wengi wa Afrika Mashariki kwa ajili ya makusanyo ya kile kilichoitwa sayansi ya mbari. Kwa hiyo makumbusho moja ni mwenyeji wa msiba na mengine, ya Berlin na kwingineko, yalikuwa sehemu ya kosa lenyewe. Jambo hili mara nyingi hupitwa haraka katika mikutano ya kimataifa, ambako makumbusho ya Ulaya hujitokeza kama wafadhili na washauri wa maridhiano. Anayeshikilia mifupa ya babu wa mtu si msuluhishi katika shauri hilo. Ni mdaiwa, na hatua yake ya kwanza ni kufungua daftari za bohari yake ili ijulikane ana nini, kimetoka wapi na kwa mkono wa nani.

Kuhusu fedha, maelezo ni mafupi na hayapendezi. Makumbusho mengi ya kijamii yaliishi kwa misaada ya miradi ya miaka miwili au mitatu, ilhali kazi ya kuwazoesha watu kuketi pamoja huchukua kizazi. Mradi ukiisha, msimamizi hubaki bila mshahara akilinda vitu ambavyo wanunuzi wa mapambo ya kale wangevilipia vizuri. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inayataja makumbusho miongoni mwa majukumu ya kaunti, katika orodha moja na leseni za pombe, sinema na maktaba, na hapo ndipo pa kudai bajeti: mshahara wa mtu mmoja na kinasa sauti kimoja. Kinasa sauti kinahitajika sasa hivi kuliko kabati. Aliyekuwa na miaka 20 usiku ule wa Lari alizaliwa mwaka 1932 au 1933, na ushuhuda wa wimbi la pili la mauaji, ambalo halina majalada mahakamani, hauwezi kupatikana popote isipokuwa kwa hao wachache waliosalia na kwa wale waliosimuliwa nao.